Kazi ya Kuketi Pecan Landing

Kama hujawahi kufukuzwa kwenye benchi na mtu anayetabasamu, Texas hujaijua bado.

Pecan Landing ni ule mtaa wa maduka na hoteli za kula ulio mbele ya geti la bustani ya michezo, ukitoka Arlington kuelekea Mansfield. Ndani ya geti watu wanalipa ili wafungwe mikanda kwenye gari la reli, wapandishwe juu, waachiliwe, wapige mayowe, halafu washuke wakishukuru. Nje ya geti kuketi ni bure, na hapo ndipo tulikuwa tunakutana kila Jumapili tukitoka kanisani, kwenye benchi la mbao mkabala na duka la kahawa. Kahawa yenyewe hatukuwa tunanunua sana. Tulikuwa tunakuja na chai kwa thamosi.

Tulikuwa wanne. Nyaga tunamwita Chifu, kwa sababu kule Embu alikuwa karani wa chifu kabla hajaja kuuza bima za magari Arlington, na mpaka leo hawezi kuomba chumvi mezani bila kutaja ajenda. Truphosa ni Sista, nesi wa hospitali, mwenye thamosi na mwenye mdomo. Placide ni Prof, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa mwalimu wa jiografia huko. Hapa alikuwa anapakia mafriji kwenye ghala moja Fort Worth hadi mgongo ukakataa, mwezi wa kwanza mwaka huo wa 2004. Mimi ni Gakii, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na hao watatu wananiita Redio. Sababu mtaiona wenyewe.

Jumapili hiyo ya Machi Chifu alikuja ameshika karatasi ya rangi iliyokuwa inagawanywa pale pa kuegesha magari. Hakusalimia mtu.

"Mmesoma hii?"

"Tuisome aje na wewe ndiye umeishika?" Sista akamjibu. "Na hatujambo, asante kwa kuuliza."

"Bustani imepata wenyewe wapya. Wanasema hapa pamepoa. Ati panakosa atmosphere."

"Ni nini hiyo?"

"Ile hewa ya mahali. Uchangamfu. Wameleta mtaalamu kutoka Florida kuja kuiweka."

"Kwani hii tumekuwa tukivuta miaka yote ni ya nani?"

Prof alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, mkono mmoja kiunoni. "Mi naona tangu Noeli bintu biko nabadilika," akasema. "Ule mzee wa kupiga violon, wapi yeye? Ule mama wa kuuza pai, wapi duka yake? Sasa mawe njo inaimba."

Na alisema kweli. Wametia mawe ya plastiki kwenye maua, kila jiwe lina spika tumboni, na yanaimba gitaa tangu asubuhi mpaka wafunge. Wiki iliyotangulia Chifu aliketi juu ya moja kufunga kamba za viatu, akaruka akidhani ni pepo.

"Duka la pai limekuwa la midoli," nikawaambia. "Niliingia juzi. Kuna saluni ya midoli, nawaapia. Mdoli amekalishwa kwa kiti, amefungwa kitambaa shingoni, mtu mzima anamsuka."

"Wewe nywele zako unasukwa wapi?"

"Dallas. Mwendo wa dakika arobaini."

"Basi nenda ukaseme wewe ni mdoli." Sista akamimina chai. "Chifu, soma hiyo karatasi, acha kuipepea."

Chifu akavaa miwani na kukohoa kidogo, namna anavyofanya mbele ya kitu chochote chenye maandishi. "Kanuni ya kwanza. Mgeni hataketi zaidi ya nusu saa bila risiti ya siku hiyo."

Chifu akatoa waleti, akafunua sehemu ya leseni, akatoa karatasi ndogo iliyofifia.

"Mimi ninayo."

"Ya lini?"

"Ya Oktoba."

"Ulinunua nini?"

"Biskuti. Si tuligawana?"

"Endelea," Sista akasema.

"Kanuni ya pili. Hakuna kuleta chakula cha nje."

Sote tukaangalia thamosi. Sista hata hakugeuka. "Hiki si chakula. Ni chai."

"Na hayo mandazi?"

"Hayo ni dawa. Prof anameza vidonge vya mgongo, lazima tumbo liwe na kitu. Mwambie huyo mtaalamu wa Florida aje aniulize."

"Kanuni ya tatu. Viti vyote visivyo vya hoteli vitaondolewa mwisho wa mwezi."

"Sasa hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Ndio utembee," Chifu akasema. "Ukitembea unanunua. Ukiketi unafikiria, na mtu anayefikiria hanunui midoli."

"Na mutu ya mugongo mbaya?" Prof akauliza. Tukampa mandazi.

Askari akafika hapo hapo, mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na masharubu meupe. Akasema folks, yaani jamani, anasikitika sana, folks, nusu saa imepita. Chifu akampa risiti ya Oktoba. Mzee akaisoma yote, juu mpaka chini, akaikunja vizuri, akamrudishia na kututakia siku yenye baraka. Tulipoinuka akamshika Prof mkono ili asiumie. Mimi ningependa zaidi atutukane, maana tusi ungelijibu.

"Nitaandika barua," Chifu akasema.

Ukimfukuza Mkenya wa umri wa Chifu, hatupi mawe. Anaandika barua yenye nambari ya kumbukumbu. Jumapili iliyofuata alitusomea nakala tukiwa tumesimama nyuma ya gari lake, buti limefunguliwa, thamosi imekaa juu ya gurudumu la akiba. Iliandikwa kwa Kiingereza cha serikali, kile cha "napenda kwa heshima kuu kuchukua nafasi hii." Alikuwa ametia sahihi kama Mwenyekiti wa Jumuiya ya Benchi la Pecan Landing.

"Uchaguzi ulifanyika lini?" Sista akauliza.

"Wewe ni mweka hazina."

"Hazina gani?"

"Hiyo thamosi. Tulia nimalize, hapa ndipo pana nyama." Akainua kidole cha kati na cha shahada pamoja, vile vidole vyake vya mkutano, akavipigapiga hewani. "Aya ya tatu. 'Wageni wengi husimama kutusikiliza na hata kutupiga picha, kwa kuwa mazungumzo yetu yana ladha halisi ya Afrika, na kwa hakika sisi ni sehemu ya atmosphere ya mahali hapa.'"

"Nani ametupiga picha?"

"Si yule mama mwaka jana?"

"Alikuwa anapiga bata, Chifu. Bata alikuwa nyuma yako."

"Barua ya ofisi lazima iwe na uzito kidogo."

Uzito huo ndio uliotuponza. Siku kumi baadaye meneja mpya alimpigia Chifu simu, akasema barua imemgusa moyo, aje na kamati yake yote. Tulienda Jumamosi. Chifu alivaa suti ya kahawia na tai, akataka kikao kifunguliwe kwa maombi, na meneja, mama mchangamfu mwenye meno ya kutangazia dawa ya meno, akafumba macho na kusema amina kabla maombi hayajaisha.

Halafu akatandaza mchoro mezani. Nyuma ya duka la midoli patakuwa na kijia kipya, kijiji cha Afrika. Nyasi juu, mianzi pembeni, ngoma zikitoka kwenye mawe. Na katikati ya kijiji, chini ya nyasi, benchi letu.

Chifu akanikanyaga mguu kwa furaha. "Kwa hivyo tutaruhusiwa kuketi?"

Meneja akasema zaidi ya hivyo. Anataka kutuajiri tuketi. Siku nne kwa wiki, Alhamisi mpaka Jumapili, tuketi na tubishane kama tunavyobishana kila siku. Kuna mshahara, kuna likizo, kuna bima ya afya ya familia nzima. Hilo la bima aliposema, nilimwona Prof ameinua kichwa.

"Kuketi tu?" Sista akahakikisha.

Kuketi tu, meneja akasema, na nguo atatoa yeye. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na shuka za madoadoa ya chui, shanga za kome, na vibuyu vinne. Chifu akashika shuka kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye supu.

"Mama," akasema, "mimi nimevaa tai tangu mwaka wa sabini na nne."

Meneja akasema tai ni nzuri sana lakini wageni hawataielewa. Thamosi pia hapana, chai itakuwa ya kwenye kibuyu.

"Chai ya maziwa niitie kwenye kibuyu kipya?" Sista akauliza. "Unataka kuua watu?"

Meneja akamtuliza. Kibuyu si lazima kiwe na kitu ndani.

Tulitoka pale Chifu akiwa mbele anatembea kama anayechelewa basi. Kwenye magari ndipo alipogeuka na kumwona Prof, fomu imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati.

"Prof, hiyo unaipeleka wapi?"

"Nitaijaza."

"Utaijaza uwaandikie nini?"

"Jina yangu."

"Bwana, wewe ni mwalimu. Umefundisha watoto wa watu mito na milima."

"Nilifundishaka miaka kumi na mbili, Mzee. Hapa nani iko natafuta mito?"

"Watakuvalisha ngozi ya chui."

"Si ngozi. Ni polyester. Niliangalia lebo."

Nikacheka, kwa bahati mbaya, peke yangu.

"Watoto wako wakija wakuone?" Chifu hakuacha. "Merveille akuone umekaa na kibuyu hakina kitu, unabishana na hewa, Wazungu wanakutupia popkoni?"

"Merveille iko na pumu," Prof akasema. Sauti yake haikupanda. "Usiku inakohoa mpaka mama yake Véronique anaikalisha kwa mto. Bima ya ghala inaisha mwezi wa ine. Docteur alisema nisinyanyue kitu tena, hata mufuko ya muchele. Nimezunguka Fort Worth yote natafuta kazi ya kuikala. Kazi za kuikala ni za batu ba ordinateur, ba kompyuta. Hii njo ya kwanza."

"Kazi ni kazi," nikasema.

"Si kila kazi ni kazi," Chifu akanigeukia. "Utu nao? Mtu ana utu wake. Huuzi utu kwa bima."

Prof akamsogelea. "Mzee, wakati nilikuwaka nabeba frigo na hii mugongo, hukuniulizaka utu wangu iko wapi. Uliniulizaka kama banaandika batu."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa anamtafutia kazi mpwa wake wa Missouri City, na mimi nilikuwepo. Chifu akaanza kutafuta funguo za gari kwenye mifuko yote, na funguo alikuwa amezishika mkononi.

Sista ndiye aliyeingilia. "Mimi kuna mgonjwa aliniambia nimwimbie wimbo wa kwetu, na hapo nilikuwa namtoa katheta."

"Ukafanya nini?"

"Nikaimba. Ule wa kuhesabu moja mpaka kumi tulioimba nasari. Akalia machozi, akasema nimemponya roho." Akamgeukia Prof. "Lakini nilitoa glavu nikaenda nyumbani nikiwa Truphosa. Ikiwa utaweza kuvua hiyo takataka jioni, shemeji, ivae tu. Ukiona imeanza kukuganda, toka mbio."

"Nitavua."

"Basi vaa. Mungu anaona."

"Ukikaa pale," Chifu akasema, "mimi sikanyagi Pecan Landing tena maishani mwangu."

"Sawa, Mzee," Prof akajibu, akapanda gari lake polepole, mguu mmoja kwanza halafu mwingine, kama wanavyopanda watu wa mgongo.

Mwezi mzima hatukumwona. Kumbe alikuwa kwenye mafunzo. Mafunzo ya kuketi, wiki nne, na cheti akapewa. Véronique ndiye aliyeniambia kwenye simu, akacheka mpaka akashindwa kuongea, halafu akauliza kama Mzee Nyaga bado amekasirika. Nikamwambia Mzee Nyaga amekasirika tangu uhuru.

Kijiji kilifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mimi na Sista tulipofika, mtu wa kwanza tuliyemkuta kwenye kamba ya kuzuia watu alikuwa Chifu. Suti ya kahawia, tai, viatu vimeng'arishwa.

"Si ulisema hukanyagi hapa?"

"Nimekuja kununua soksi."

"Soksi zinauzwa kule, Chifu. Hapa ni Afrika."

Watu walikuwa wengi, watoto mabegani, kamera juu. Mawe yalikuwa yanapiga ngoma. Chini ya nyasi za plastiki, benchi letu limepakwa vanishi, na Prof amekaa katikati na chui lake la polyester, mikono magotini, ameangalia mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Pembeni yake walikuwa wawili wengine, kijana na msichana, weusi wa hapa hapa Dallas, waigizaji wa kusomea. Sisi tulipokataa, nafasi zetu hazikukaa wazi.

Kijana alishika mgwisho. Msichana alikuwa anamimina hewa kutoka kibuyu kimoja kwenda kingine. Walikuwa wanabishana kwa nguvu, kwa lugha ambayo Mungu hakuigawa hata kule Babeli, bugu malaba, malaba bugu, na kila akimaliza sentensi kijana aliinua vidole viwili pamoja na kuvipigapiga hewani.

"Huyo ni nani?" Chifu akauliza.

"Huyo ni wewe," Sista akasema.

"Mimi sifanyi hivyo." Na vidole vyake viwili vilikuwa hewani vinapiga.

"Na huyo mwenye kibuyu ni mimi. Ona anavyonikunjia mdomo. Huyu meneja alitukazia macho kumbe anatupima."

"Na mimi je?" nikauliza. "Mbona sipo?"

"Redio ya nini na wana mawe."

Sikucheka. Hata hivi leo naandika haya bado hainichekeshi sana. Unaweza kukataa kitu kwa heshima zako zote, na bado uumie kuona wamekupata bila wewe.

Hapo Prof akatuona. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake na daftari la alama, siku ya kwanza ya kazi, na sheria ya kwanza ya kijiji ilikuwa mwigizaji hajuani na mgeni. Nikafikiri, sasa atajifanya hatujui, atuangalie kama ukuta, na Chifu ataondoka na hiyo hatarudi. Chifu naye alikuwa ameshika fundo la tai anasubiri.

Prof akasimama. Akainua kibuyu juu, akatabasamu meno yote kama alivyofundishwa, na akatoa sauti kubwa ya darasani, ile ya mwalimu wa wanafunzi sitini.

"Karibuni, bageni ba mbali. Mzee Nyaga, asante kwa kufika, nilijua utafika. Hii jua ni kali na hii nguo inawasha. Mama Truphosa, nilimeza dawa saa mbili na sijanywa maji, huyu mama wa nyuma yangu hataki batu baone chupa. Gakii, ambia Véronique kadi ya bima imefika leo kwa posta ya kazi. Lundi, njo Jumatatu, apeleke mutoto kwa docteur."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yetu akafuta machozi na kumwambia mumewe hiyo ilikuwa dua ya mvua. Meneja akaandika kitu daftarini na kuinua kidole gumba.

Sista hakungoja. Aliruka kamba na viatu vyake vya kanisani, akamwendea meneja, akamwambia kwa sauti yake ya wodini kwamba huyu mtu yuko kwenye dawa, aletewe maji sasa hivi au yeye mwenyewe aite ambulensi mbele ya kamera hizi zote. Maji yalikuja mbio. Wakayatia kwenye kibuyu, na Prof akanywa mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi tena.

Na Chifu, ambaye alikuja kununua soksi, akasogea mpaka kamba ikamkaa tumboni.

"Prof," akaita. "Hilo benchi hukai vizuri. Egemea. Mgongo wako unauweka wapi?"

"Hakuna ya kuegemea, Mzee. Walikata, ati ya Afrika haiegemewi."

"Nani amesema? Kwa chifu wetu Embu kulikuwa na viti sita na vyote vinaegemewa. Hiyo ni aibu. Nitaandika barua."

"Hapana, Mzee," Prof akasema upesi, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikamwona anacheka kweli. "Nakuomba. Ingine usiandike."

"Ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

"Ilikuwa na bata," Sista akapaza sauti kutoka upande wa pili, na hapo ndipo tulipoanza, wote wanne, juu ya kamba, kila mtu na lake, nani alisema bata, nani alisema picha, nani alimchagua nani mwenyekiti. Wale waigizaji wawili wakanyamaza wakitusikiliza, midomo wazi, maskini, kijana akaanza hata kuandika kiganjani.

Nikasikia mkono begani. Alikuwa yule mzee wa masharubu, kofia kifuani, amejawa na huzuni.

"Folks," akasema, "nawaomba msogee na mpunguze sauti. Wageni wanalalamika. Wanasema hawawezi kuwasikia Waafrika kwa sababu yenu."

Chifu akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejua pa kuanzia.

"Muende tu, Mzee," Prof akasema kwa ile sauti kubwa, kibuyu juu, meno yote nje. "Mi niko kazini."

Wakampigia makofi.